Magadi Kwenye Chupa za Kefa

Kisu kiliingia kwenye chupa kikiwa cheupe, kikatoka chekundu kama waya wa stima uliomenywa. Wachuka aliinuka kutoka juu ya gunia lake la maharagwe, mdomo wazi. Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba mwaka wa 1975, soko la Nyeri limefurika na baridi ya Mlima inawatoa watu moshi mdomoni. Kijana aliyekiazima kisu hicho muda mfupi tu uliopita alikuwa mrefu, suruali yake imebana kiunoni na kupanuka miguuni, na juu yake koti la kaki la serikali lenye vitundu vitundu kama limenyeshewa cheche.

"Umekifanya nini kisu changu?"

"Kimevaa shaba, dada. Nisamehe, sikuweza kungoja nifike nyumbani ndio nijaribu."

"Na ukitaka kujaribu tena utaazima kidole?"

"Kidole ningekiomba kwa baba yako kwanza."

Wangechi, mama aliyeuza viazi kando yao, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kijana aliitwa Kefa, mtu wa Maragoli, kibarua wa idara ya madini. Alieleza kwamba ndani ya chupa mna wadudu wasioonekana kwa macho, ambao yeye aliwatoa kwenye shimo la zamani upande wa Doldol, penye maji makali ambayo hata mbuzi huyakataa. Ukiwapa mawe yaliyosagwa, yenye shaba kidogo, wanaivuta shaba yote ikaingia kwenye maji, bila moto wala tanuri. Wachuka akamuuliza kama wadudu hao wanaenda kanisani Jumapili. Kefa akanunua maharagwe ambayo hakujua kuyapika. Jumamosi iliyofuata akarudi, na ile iliyofuata pia.

Kwao Wachuka, Giakanja, simu ilikuwa moja, dukani kwa Moffat. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni Wachuka alifika hapo na sweta yake ya kijani na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi, kana kwamba simu ina macho. Moffat alijifanya anapima sukari.

"Leo umevaa nini?" Kefa aliuliza.

"Gunia."

"Hilo gunia liko na bahati. Wadudu wanakusalimu."

"Kefa, hebu niambie. Wanaishije kwa ukali huo wote bila kufa?"

"Hayo ni mambo ya vitabu, mpenzi. Usichoshe hicho kichwa kizuri."

Wachuka alicheka, siku hiyo. Alikuwa ameishia darasa la saba, na maneno mengi ya watu wa ofisi alikuwa amezoea kuyaacha yapite.

Jambo lililobaki lilikuwa baba yake, Mzee Kahiga. Yeye alisema neno moja na hakulirudia: binti yake hatapewa kibarua wa kutoka mbali, anayeweza kuambiwa kesho arudi kwao. Aandikwe kazi kwanza. Na kazi hiyo ilitegemea chupa kumi na mbili zilizozunguka stovu ya mafuta ya taa chumbani kwa Kefa, Ruring'u. Tarehe ishirini Agosti wakubwa wangekuja kutoka Nairobi. Wakikuta maji yamegeuka kijani kama majani mabichi, dalili ya shaba, Kefa angeandikwa, na mwezi wa Desemba angeleta wazee wake Giakanja.

Tarehe kumi na tatu ikaja simu ya maandishi kwamba mama yake Kefa, Khavere, ni mgonjwa. Kefa alimpa Wachuka ufunguo akamwambia aongeze mafuta kwenye stovu ili chupa zisipate baridi, asiwape wadudu kitu kingine chochote, yeye atarudi baada ya siku nne. Sababu hakuitaja.

Siku ya kwanza Wachuka aliongeza mafuta. Siku ya pili alikaa akaangalia, maana alikuwa mtu wa kutazama sana kabla ya kushika. Macho yalimwasha. Kitambaa kilichokuwa chini ya chupa kilimkatikia mkononi kama karatasi iliyoloa. Akanusa. Akafikiri juu ya uji uliosahauliwa kibuyuni, unaochacha mpaka hauna anayeuweza. Hawa wadudu, akasema moyoni, wameachwa na mwenyewe, na ukali umepita kiasi, utawaua kabla hajarudi. Kwao kitu kikichacha sana, hata tumbo, dawa ni magadi. Na magadi alikuwa nayo, ndiyo aliyouza pamoja na maharagwe.

Kwa mapenzi yake yote, alitia kijiko kimoja katika kila chupa.

Povu lilipanda likamwagika mezani, likashuka mpaka sakafuni. Lilipotulia, maji yale ya kijani yalikuwa matope mazito ya rangi ya kutu. Wachuka alibaki amesimama na kijiko mkononi.

Kefa aliporudi alimkuta ameketi mlangoni.

"Umeweka nini?"

"Magadi. Niliona zimekuwa kali sana. Nikaogopa watakufa."

Kefa aliinua chupa ya kwanza, akaiweka chini. Akainua ya pili. Alifika mpaka ya kumi na mbili.

"Ukali ndio uhai wao, Wachuka. Ukiuondoa, umewaua." Kisha akasema polepole, na heri angepiga kelele, "Nilikuwa nimesahau ulifika darasa la saba."

Wachuka aliweka ufunguo mezani akaondoka.

Jumatano tatu simu ililia kwa Moffat. Mara zote tatu Wachuka alituma jibu kwamba yuko shambani anapalilia. Alidhani Kefa anataka kumwongezea matusi. Kefa naye, kusikia kila siku ni kupalilia, akadhani kuna mwanamume mwingine. Wangechi ndiye aliyeleta habari kwamba wakubwa walikuja, wakatazama matope, wakarudi Nairobi bila kunywa chai.

Jumamosi ya nne Kefa alitokea sokoni. Alikuwa amekonda. Alipanga foleni nyuma ya wanunuzi kama mtu wa kawaida, na zamu yake ilipofika akatoa nakala ya ripoti aliyowaandikia wakubwa. Wachuka aliisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Mahali pamoja paliandikwa: "Aliyezitunza chupa hakuelezwa ukali ule ni wa nini. Kosa ni langu mimi niliyejua nikanyamaza."

Akaisoma tena.

"Wamenipa mpaka Pasaka nianze upya," Kefa alisema. "Lakini bado mimi ni kibarua."

"Nieleze sasa."

Akaeleza, amechuchumaa kati ya magunia, watu wanamruka. Kwamba wadudu wenyewe wanakula chuma na kiberiti vilivyo ndani ya jiwe, na kwa kula huko wanatengeneza ukali wanaoishi ndani yake, na ukali huo unazidi kulifungua jiwe. Wachuka alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kama kibuyu cha uji. Ukikiosha sana, uji wa kesho hauchachi."

"Ni hivyo hivyo."

"Hii ningeielewa siku ya kwanza."

"Najua."

"Ulijua? Sasa ulinificha kwa nini?"

"Nilitaka uendelee kunishangaa."

Wachuka alihisi kama amemwagiwa maji ya mto Chania. Mtu wa ofisi, mtu wa vitabu, kumbe alikuwa anamwogopa muuza maharagwe.

"Sitakushangaa tena," alisema.

"Sawa."

"Na ukinificha kitu kingine, hata kidogo, siku hiyo hiyo nitarudi kwa baba."

Kefa alifungua mdomo kukubali, akaganda. Wangechi ndiye aliyeelewa kwanza, kwamba harudi kwa baba ila aliyekwisha kutoka kwake kuolewa. Kiazi kilimdondoka.

"Gari la Doldol, la kufuata wadudu wapya, linaondoka saa ngapi?" Wachuka aliuliza.

"Saa nane."

"Baba yuko pale kwa wauza mbuzi. Wewe utamwambia mwenyewe kwamba bado ni kibarua. Hayo mengine niachie."

Jua lilikuwa utosini, soko limechemka, wanunuzi wanne bado wako kwenye foleni. Wachuka aliinama akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, na safu nzima ya wauza nafaka ikageuka kumtazama.