Pipa la Wankyo

Petronila wa Buswahili hakuwa mtu wa kutishika, na sisi majirani zake tulimjua hivyo. Mwaka ule wa themanini na nne, sukari ikiwa ya foleni na bia imebaki hadithi, alipanda mlimani kwa mzee Wanzagi pamoja na rafiki zake, Ghati na Marcelina. Walikwenda kuangalia pipa la mvinyo aliloagiza mwaka uliotangulia, kwa ajili ya kumbukumbu ya mama mkwe wake, marehemu Wankyo. Njiani walitaniana, ingawa moyo wa Petronila ulikuwa nyumbani. Alikuwa amemwacha binti yake wa miaka sita kitandani, amekonda, hali wala hanywi, na hospitalini hawakuona ugonjwa.

Wanzagi aliwaingiza kwenye chumba alichokichimba ubavuni mwa mlima, baridi hata saa sita mchana. Akawaeleza kwamba mvinyo hukomaa taratibu, mbao zikiunywa kidogo kidogo. Kila mwezi pipa hupungua naye hulijazia, maana hewa ikiingia mvinyo unageuka siki. Na kila akijazia, huita jina aliloandika kwa chaki, ili mwenyewe ajue mali yake inatunzwa.

"Ila hili lako, mama, halipunguagi," akasema. "Linapanda."

Ghati akacheka. Akacheka peke yake.

"Tangu lini?" Petronila akauliza.

"Kwaresma. Niliita Wankyo, akaitika." Mzee akashusha sauti. "Sauti ya mtoto."

Petronila akalisogelea pipa. Binti yake alirithi jina la bibi yake, kama desturi inavyotaka. Naye ni Wankyo. Na tangu Kwaresma mtoto alikuwa akishtuka usingizini na kuitika "Abee," hali hakuna aliyemwita. Siku ya kuagiza pipa, Petronila alitaja jina tupu. Hakusema ni la marehemu.

Akaweka sikio kwenye ubao. Ndani kulikuwa na pumzi. Fupi fupi. Alizijua, alikuwa akizisikiliza kila siku kitandani kwa mwanawe.

Akashika kizibo cha chini.

"Ukimwaga, marehemu atakudai," Wanzagi akanong'ona.

"Aje. Nilimuuguza miaka mitatu, nikamzika kwa heshima. Mtoto simpi."

Akaking'oa. Mvinyo ukatoka wa moto, mzito, ukawalowesha miguu. Marcelina akaanza Salamu Maria, akaikosea. Petronila alisimama palepale mpaka tone la mwisho, kisha akalifuta jina kwa kiganja.

Alifika nyumbani jua halijazama. Mtoto ameketi, anaomba ugali na sato. Petronila akalia kwa sauti, haoni aibu.

Ndipo akaona sakafu. Nyayo mbichi. Za mtu mzima, zinanuka mvinyo. Zilianzia kitandani zikaelekea mlangoni. Za kuingia hazikuwepo. Mguu wa kushoto ulikosa kidole kidogo, kile mama mkwe alichojikata kwa jembe enzi zake.

Alizifuta zote. Ule wa mwisho, kizingitini, ulikataa kufutika, hata kwa maji ya baraka. Basi Petronila akaburuta kinu, akakiweka juu yake, akatwanga muhogo. Anatwangia hapo mpaka leo, na kinu kikiinuliwa, chini pamelowa.