Nywele za Mwantumu

Isihaka alilaza manyoya ya blanketi la bintiye kwa kiganja, akageuka kuchukua kofia yake. Alipotazama tena, manyoya yalikuwa yamesimama wima. Kipupwe cha mwaka 1956 kiliuma kweli pale Iringa, akajisemea ni baridi tu. Lakini baridi hainuki mafuta ya nyonyo.

Alikuwa nyapara katika banda la kumalizia mablanketi. Blanketi likitoka kufumwa huwa gumu kama gunia. Pale bandani lilipitishwa kwenye pipa la chuma lililovishwa meno ya waya. Pipa likizunguka, meno yalivuta nyuzi juu mpaka blanketi likawa laini, la kumbembelezea mtoto. Mbele ya meno palikuwa na ubao wa kinga. Vumbi la pamba lilijazana nyuma yake na kuchelewesha kazi, basi Isihaka, aliyekuwa na haraka kumshinda hata mwenye banda, akaung'oa. Siku ya tatu Mwantumu, mfagiaji wa banda, aliinama kufagia chini ya pipa, kilemba kikamfunguka, na nywele zake zilizopakwa mafuta ya nyonyo zikaangukia kwenye meno. Meno hayakujua uzi wala nywele.

Wanawake waliomwosha maiti walituma mtu kuziulizia nywele zake, kwani maiti huzikwa na kila kilicho chake. Isihaka alijua ziliko. Zilikuwa zimechambuliwa pamoja na pamba ndani ya blanketi lililokuwa mashineni. Angelitoa, watu wangeuliza zilifikaje pale, na ubao ungetajwa.

"Hazikuonekana," akasema.

Akaurudisha ubao, akalifua blanketi, akalipeleka nyumbani kwa bintiye, Kudra. Kulichoma aliogopa harufu, na kulitupa aliona hasara. Hiyo ndiyo akili ya nyapara.

Haikupita wiki, Kudra akaacha kula. Alishinda kitandani mchana kutwa, amejifunika gubigubi, akinguruma taratibu kama pipa linalozunguka.

"Mwanangu, una nini?" mama yake, Mwanakhamisi, alinong'ona.

"Shangazi ananichana, mama."

"Shangazi gani?"

"Yule asiye na nywele."

Mwanakhamisi alimgeukia mumewe. Isihaka aliinama, akalaza tena manyoya ya blanketi.

Maalim Selemani aliitwa baada ya adhuhuri. Alifukiza ubani, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo blanketi lilivyozidi kusimama manyoya, na harufu ya nyonyo ikaushinda ubani, na ngurumo ikatoka si kinywani mwa mtoto tu bali chini ya kitanda na ukutani na katika sufuria za jikoni, mpaka Isihaka akajikuta ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Kisha kimya.

"Nipeni nywele zangu," Kudra akasema, kwa sauti ya mwanamke mzima. "Na aliyeutoa ubao ajitaje mbele ya mama yangu. Asipojitaja, nachukua za huyu."

Maalim alifunga kitabu. "Bwana Isihaka, huyu hafukuzwi. Huyu anadai haki yake. Kaseme."

Siku ya pili walilizika blanketi ubavuni mwa kaburi la Mwantumu. Mama wa marehemu alikuwepo, amesimama na majirani na wafanyakazi wote wa banda. Wakamtazama Isihaka. Alifungua kinywa, akaona macho ya yule mama, na woga ukamshika.

"Ubao ulilegea wenyewe," akasema. "Ilikuwa bahati mbaya."

Njia ya mwongo fupi, lakini ile ilimfikisha nyumbani salama. Alimkuta Kudra ameketi kibarazani juani, anakula uji. Mwanakhamisi alikuwa akicheka na kulia, ameshika chanuo. Isihaka alimshukuru Mungu, akachuchumaa mbele ya bintiye.

Chanuo likapita mara ya kwanza, likaja na fungu zima la nywele. Likapita mara ya pili, na pale zilipotoka nywele hapakuwa na ngozi. Palikuwa na manyoya meupe ya pamba, laini, yamesimama wima yote upande mmoja.

"Baba," Kudra akauliza polepole, "ubao aliutoa nani?"

"Mimi!" Isihaka alipiga ukelele, majirani wakatoka nje. "Ni mimi niliyeutoa! Mwantumu, ni mimi!"

"Mama Kudra, acha!" akamlilia mkewe. "Acha kuchana!"

"Siwezi," Mwanakhamisi alisema, machozi yakimtiririka. "Mkono si wangu."

Na chanuo likaendelea kuchana.