Kichupa cha Dokta

Kila kichupa ndani ya friza ile kubwa kilikuwa kimevaa barafu nyeupe, isipokuwa kimoja, ambacho kilikuwa kinatoka jasho.

Mtunza sampuli alikifuta kwa kitambaa, akarudi saa nne, akakikuta kimelowa tena. Friza ilisoma nyuzi themanini chini ya sifuri, baridi ambayo haina mzaha na mtu. Akakinusa. Peremende. Akaguna, akasema moyoni kwamba huyu mtu hata akiwa hayupo hakosi kuudhi.

Huyo mtu ni Dokta, mkuu wa maabara, bingwa wa kunyonya peremende na kudharau watu. Akikutaka hakuiti. Hugonga meza kwa pete yake, mara mbili, kisha mara moja, nawe ujijue. Mtunza sampuli alikuwa amefanya naye kazi miaka sita, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anaitwa "wewe." Siku Dokta akiamka vizuri, "wewe wa friza."

Kichupa kile kilikuwa cha Dokta. Juu ya seli za kinga mwilini mwa mtu kuna vipokezi, mfano wa vitasa, vinavyomjua anayebisha kama ni wa nyumbani au ni adui. Dokta alitaka kutengeneza kimoja nje ya mwili, wakichunguze. Kazi yenyewe ni ya kawaida: unachukua maelekezo ya kukitengeneza kwenye damu ya mtu, unayapandikiza kwenye seli nyingine zinazolelewa kwenye chupa, nazo zinakutengenezea kipokezi hicho bila kuuliza ni cha nani. Sharti ni kwamba mfanyakazi hatumii damu yake mwenyewe. Limebandikwa ukutani kwa herufi nene. Dokta alilisoma, akachekea puani, akakunja mkono wa shati na kujitoa damu kwa sindano.

"Damu za hao wanaojitolea ni takataka," alisema. "Tutumie ya mtu mwenye akili."

Basi ikatumika ya mwenye akili, na kipokezi kilichopatikana kikatiwa kwenye kichupa kile.

Jumatatu, Dokta aliingia akasema, "Habari za asubuhi, dada." Mtunza sampuli nusura aangushe trei. Mchana huo Dokta akamuuliza mfagizi hali ya goti lake, na jioni akawashikia watu mlango wakitoka. Maabara nzima ikachangamka. Wapo waliosema ametubu, wapo waliosema anaumwa, na hawa hawakumtakia apone.

Mtunza sampuli peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwepo Dokta alipofungua friza bila glavu, akatia mkono mtupu katikati ya vyuma vile vinavyobandua ngozi, akapekuapekua taratibu kama mtu anayetafuta soksi, akautoa mkono ukiwa mkavu na laini, akamtabasamia, na pumzi yake haikunukia peremende wala kitu chochote.

Alipoondoka, ndani ya friza kukagongwa. Mara mbili, kisha mara moja.

Mtunza sampuli alitoka ukumbini na simu yake. Kisha akampigia shangazi yake, mganga anayejulikana kwa kutoa majini na kwa kutompenda mtu yeyote.

Shangazi alikuja saa ya chakula, maabara ikiwa tupu, akilalamikia ngazi. Akaelezwa habari ya damu na kitasa. Akasonya.

"Miaka yote shuleni, mnakwenda kutengeneza kitasa kisicho na mlango," alinong'ona. "Viumbe vinazurura, mwanangu. Kimoja kimekiona kitasa, kimekijaribu, kitasa kikafunguka. Kimeingia kwa mwenye damu. Na mwenye damu amesukumwa nje. Unadhani amekwenda wapi?"

Mtunza sampuli akakitazama kichupa kinachotoka jasho. "Atatoka?"

"Akitolewa. Na kama hatoki leo hatoki tena, maana huyo aliyekaa ameshazoea." Shangazi akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe, akakitandika mbele ya friza. "Mimi nasoma, wewe unafungua. Ila aliyefungiwa hutoka kwa kumwita anayemfungulia. Amtaje jina, basi. Ni kitu chepesi mno."

Akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Taa zikafifia, ukungu ukamwagika kutoka kwenye friza mpaka miguuni mwao, harufu ya peremende ikapanda hadi ikawasha macho, na kutoka kwenye kile kichupa kidogo kuliko kidole ikaja sauti, nyembamba, ya mbali, yenye kutetemeka kwa baridi, ila dharau yake ilikuwa ile ile.

"Wewe. Fungua."

"Nitaje jina, Dokta," mtunza sampuli alinong'ona. Alikuwa analia, na alijichukia kwa kumlilia mtu yule.

"Fungua, mjinga wewe. Ninaganda."

"Jina langu tu. Miaka sita, Dokta. Liko kwenye koti langu hapa, kila siku unalitazama."

Alisikia mtu akitafuta, akihangaika, akipekua kichwa ambacho hakuwahi kuliweka humo.

"Wewe... wa friza."

Shangazi akaacha kusoma. Nyuma yao mlango wa maabara ulikuwa umefunguka, na Dokta, yule mwingine, alisimama akitabasamu kwa upole, mikono mfukoni. Akamwita mtunza sampuli kwa jina lake. Akaongeza la baba yake, la babu yake, na la baba wa babu yake, jina ambalo hakuwahi kuliandika kwenye fomu yoyote.

Shangazi, mwanamke asiyeogopa hata polisi, aliokota kitambaa chake, akakirudisha mkobani.

"Funga, dada," Dokta alisema. "Baridi inatoka."

Mtunza sampuli alifunga. Ndani kukagongwa mara mbili, kisha mara moja, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakuitikia.