Chupa ya Ushahidi

Risasi ilipasua tairi la mbele. Lori likayumba, likabamiza geti la kiwanda na kuziba njia yote.

Nyigu hakusubiri vumbi litue. Alichomoka nyuma ya mapipa, bastola ya Glock mkononi, akamfukuza mtu wa koti jeupe aliyekuwa akikimbilia ndani. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kutibu hata paka. Lori lile lilijaa vidonge vyake vya bandia, na idara ya ujasusi ilimsaka mpaka ikachoka. Nyigu, jasusi wake, hakuchoka. Mwanamke yule akikushika, ujue umeshikwa.

Redio ikakoroma kiunoni.

Alikuwa Mjomba. Mjomba wa kweli, ndugu wa mama yake, na ndiye dereva wake katika kazi hii. Nyigu alikuwa amemwacha ndani ya Land Cruiser, nyuma ya ukuta. Sauti yake ilikuwa nzito mno.

"Mwanangu, usingizi umenishika. Mgongo ulinibana, nikameza viwili."

"Vya chupa ipi?"

"Hii ya ushahidi. Si imeandikwa diklofenaki? Dawa ya maumivu ni dawa ya maumivu."

Loh, mzee wa watu! Ndivyo wengi wanavyoponzwa. Parasetamoli hutuliza maumivu na homa, ila ukizidisha inaua ini. Diklofenaki na jamaa zake huzima uvimbe palepale unapouma, lakini huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Jamii ya afyuni ni habari nyingine kabisa. Hiyo huzuia ubongo usisikie maumivu, na ikizidi, mwili unasahau kupumua.

Chupa ile ya vidonge vya Daktari, iliyotunzwa garini kama ushahidi, ilisema diklofenaki. Maabara iliyopima baadhi ya vidonge hivyo ilikuwa imempigia Nyigu dakika chache tu kabla ya purukushani kuanza: ndani ni afyuni ya kutengenezwa, kali kuliko mofini. Hakuwa amepata nafasi ya kumwambia Mjomba.

"Mjomba, usilale. Zungumza nami."

Redio ilileta mkoromo mzito tu.

Hospitali ilikuwa mbali. Hofu ilimpanda Nyigu, na hasira ikaipita hofu.

Lakini aliijua kazi ya watu hawa. Wanaofyatua vidonge vya namna ile huogopa unga wao kuliko polisi. Haingii mtu chumba cha mashine bila dawa ya kuzindua, ile ya kupuliza puani, inayoing'oa afyuni kwenye ubongo na kurudisha pumzi. Daktari alikuwa nayo. Swali ni wapi.

Akapiga teke mlango wa chumba cha mashine.

Daktari alikuwa amejibanza nyuma ya mtambo, bastola yake ikimwelekea Nyigu. Alisema amesikia yote ya redio kupitia mlango. Dawa anayotaka ipo, ila Nyigu akimuua ataitafuta jengo zima huku mzee wake anakata roho. Amwache apite, atamwonyesha.

"Pumzi ya mjomba wangu sinunui kwako," alisema Nyigu.

Akalivuta gunia lililokuwa mlangoni, akalichana kwa kisu, akalirusha. Chumba kizima kikawa cheupe.

Daktari akapiga yowe. Bastola ikamponyoka. Mikono yote miwili ikakimbilia mfuko wa ndani wa koti, ikatoka na kichupa cha kupuliza. Kabla hakijafika puani, Nyigu alimdaka mkono, akaupinda mpaka kifundo kikalia ko.

Gunia lilikuwa la wanga wa mahindi, ule wa kujazia vidonge. Nyigu aliyasoma maandishi yake; mwenye gunia, akidhani ni afyuni, hakukumbuka kuyatazama.

Nyigu akamfunga pingu kwenye mtambo, akabeba kichupa, akakimbia.

Midomo ya Mjomba ilikuwa ya majivu na kifua kimetulia. Nyigu akamlaza chali, akampulizia dawa puani, akampa pumzi kwa mdomo, huku akimfokea asithubutu kufa kizembe namna hii. Kifua kikainuka. Jicho moja likafunguka, likamuuliza kelele zote hizi za nini. Nyigu akalia, wala hakujificha.

Makao makuu yakauliza hali.

"Lori tunalo. Leteni ambulansi upesi. Dawa hii huisha nguvu kabla ya afyuni, anaweza kuzimika tena."

Mjomba alipoondoka na madaktari wa kweli, Nyigu alirudi chumba cha mashine. Daktari alikuwa akitokwa jasho, ameukumbatia mkono wake uliovunjika. Alimwomba kitu kikali, chochote. Akaulizwa kama anataka vile alivyotengeneza mwenyewe. Akatikisa kichwa haraka.

Nyigu akatoa parasetamoli mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Viwili tu. Ukizidisha ini litakufa, na mimi nakutaka mzima mahakamani."

Akakung'uta wanga begani, akatoka.