Sindano Iliyolala Kwenye Friza

Kila asubuhi Mzee Barafu alijaza juisi na maziwa katika vifuko, akavipanga ndani ya friza lake. Mkewe, Msusi, alikaa kibarazani akisuka wateja.

"Baba watoto, hilo friza unalipenda kuliko mimi."

"Lenyewe halinigombezi," alijibu mumewe.

Msusi alikuwa na ugonjwa wa viungo. Zamani vidole vilivimba hata chanuo kikamshinda. Hospitali wakampa sindano za kujichoma nyumbani, akazihifadhi kwenye jokofu la jirani. Dawa ikamkubali, wateja wakarudi.

Lakini Mzee Barafu hakupenda jambo hilo. "Dawa ya mke wangu ilale kwa watu, na mimi nina friza?" Akaichukua, akaizika katikati ya barafu. Siku ya sindano aliitoa mapema ili iyeyuke.

Baada ya miezi kadhaa vidole vikavimba tena. Siku moja Msusi alimsuka binti wa jirani, na nywele zikafumuka kabla binti hajafika kwao. Msusi alilia.

"Nisiposuka, mimi ni nani?"

Wakaenda kliniki. Daktari akampima damu. Kisha muuguzi, mama mcheshi, akawakalisha.

"Mama, mwili wako umeanza kupigana na dawa. Mnaiweka wapi?"

"Kwenye friza!" Mzee Barafu alijibu kwa majivuno. "Inaganda kama jiwe. Haiwezi kuharibika."

Muuguzi akashika kiuno. "Mzee, wewe unauza barafu za maziwa. Zikiyeyuka, maziwa yanakuwaje?"

"Yanakatika. Yanafanya mabonge."

"Sindano hii nayo ni protini. Ikiganda inaweza kufanya mabonge madogo mno, hata usiyaone. Mwili ukiyakuta, unadhani ni adui. Unatengeneza askari wa kuyashambulia. Baadaye hata dawa nzima ikiingia, askari wanaikamata kabla haijafanya kazi."

Mzee Barafu akanywea. "Kumbe nimemponza mke wangu."

"Ulitaka kumtunza. Na wakati mwingine mwili hukataa hata dawa iliyohifadhiwa vizuri. Ndiyo maana mkiona nafuu inapungua, msikae kimya. Njooni."

"Sasa mimi ndiyo basi?" Msusi aliuliza.

"Hapana, mama. Daktari amekuandikia dawa ya aina nyingine, ambayo askari hao hawaijui. Iweke kwenye jokofu, rafu ya kati, mbali na barafu. Usiitikise wala usiianike juani. Ikiganda, usiitumie hata ikiwa safi machoni. Irudishe hapa. Na usiruke siku ya sindano."

Dawa mpya ikawekwa kwenye jokofu la jirani. Kila jioni Mzee Barafu alikwenda kuichungulia.

"Unakagua dawa au chakula changu?" jirani alimtania.

"Vyote," alisema mzee.

Uvimbe ulipungua polepole. Vidole vikaanza kukunjika, na chanuo kikarudi mkononi. Mteja wa kwanza alikuwa yule yule binti wa jirani. Msusi akagawa nywele, akakaza mstari wa kwanza.

"Aii! Mama, unaniumiza!"

Kwenye friza, Mzee Barafu aliacha kupanga vifuko, akasikiliza. Msusi alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Vumilia, mwanangu," alisema, akakaza tena. "Hizi hazifumuki."