Gumba la Nafula

Nafula husuka nywele nyumbani kwake Kariobangi. Wanawake wanampenda. Mistari anayosuka haiumizi kichwa, na udaku wake ni wa leo, si wa jana.

Lakini kidole gumba chake cha kulia kilianza kumuuma. Akibana nywele, gumba lilichezacheza kwenye shina. Kila jioni mumewe, Opicho, alilipaka dawa ya kuchua. Kisha alilivuta mpaka likalia "ta!"

"Limerudi mahali pake!" Opicho alisema. Kwao Bungoma, baba yake aliwavuta hivyo wachezaji mpira walioteguka. Opicho anampenda sana mkewe, kwa hivyo alivuta kwa nguvu.

Jumamosi moja alikuja Fartun, jirani anayepiga eksirei hospitalini. Opicho akatoka nje ili Fartun avue hijabu asukwe. Nafula akashika kopo la mafuta. Halikufunguka. Akajaribu tena, machozi yakamtoka.

"Lete mkono," Fartun akasema. "Ona, shina limetokeza."

"Ni uchovu tu. Opicho hulivuta linarudi."

"Wallahi, mwambie aache! Huenda kano zinazoshika kiungo zimelegea. Akivuta, anazilegeza zaidi. Twende ukapigwe picha."

"Sitaki! Wataniambia niache kusuka. Nikiacha kusuka, mimi ni nani?" Nafula aliogopa kweli.

"Mficha uchi hazai, dada. Kiungo kikicheza miaka mingi, kinalika. Hapo ndipo utaacha. Kikijulikana mapema, kuna la kufanya."

Jumatatu Nafula na Opicho walienda hospitalini. Daktari aliligusa gumba polepole, akaagiza eksirei.

"Weka magumba mawili pamoja, yasukumane," Fartun alimwelekeza. "Mkono ukitulia, mfupa uliolegea unaweza kujificha. Ukisukuma, unaonekana."

"Inauma?"

"Picha haiumi. Kusukuma kutauma kidogo."

Daktari aliwaonyesha picha. "Mfupa huu umeteleza kidogo. Lakini uwazi huu kati ya mifupa haujapungua, kwa hivyo kiungo hakijalika. Mama, umekuja mapema."

"Niache kusuka?"

"Hapana. Utavaa kishikizo cha gumba, kifaa cha kulizuia lisichezecheze, utafanya mazoezi ya kuimarisha misuli, na utapumzisha mkono kila mara. Tutakuangalia tena."

Opicho akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyevuta, daktari."

"Ulivuta kwa mapenzi. Sasa mpende bila kuvuta."

Nafula alicheka. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu.

Alivaa kishikizo, akafanya mazoezi, hata siku alizochoka. Maumivu yakapungua kidogo kidogo. Idd ilipokaribia, Fartun alirudi kusukwa. Opicho akatoka tena, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

Nafula akashika kopo la mafuta, akazungusha kifuniko. "Ta!"

"Mama!" Opicho akapiga kelele huko nje. "Ni gumba?"

"Ni kopo!" Nafula akajibu. "Fartun, inamisha kichwa tuanze."