Sawa za Chiriku

Kila jioni mama yake Chiriku alirudi kutoka uwanja wa ndege, akavua viatu mlangoni na kukaa sakafuni, mgongo ukutani, kana kwamba kiti kilikuwa mbali mno. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya kubeba vifurushi. Watu wakisikia neno rubani huwaza miwani ya jua na safari za raha. Hao hawajamwona akipakia maboksi kwa mikono yake mwenyewe, akairusha ndege, akashusha maboksi, kisha akarudi nyumbani kufungua kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali. Mama alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kibali cha kuruka kwa vipimo. Rubani mwenye kibali hicho anaruhusiwa kuingia ndani ya mawingu, mahali ambapo haoni mbele wala chini, akiongozwa na vipimo vya kwenye dashibodi tu. Asiye nacho, wingu likitanda anabaki chini akipiga miayo. Kampuni ilikuwa imeshasema wazi kwamba msimu wa mvua ukianza, rubani asiye na kibali hatapangiwa safari tena. Kwa hiyo mama alikuwa na mtihani mmoja tu kati yake na kukosa kazi.

Wenzake kazini hawakumnyima msaada. Mmoja alimletea video, mwingine akamwekea maswali kwenye simu, mwingine akamtupia rundo la vitabu hadi Bibi, aliyeishi nao, akauliza kama sasa wanafungua duka. Mama alijaribu kusoma kila kitu kwa wakati mmoja, akaishia kuumwa kichwa. Mwishowe aliona mshika mawili moja humponyoka. Akarudisha vyote, akabaki na kile kitabu kinene na kadi za maswali zilizokuja nacho. Kisha akachukua kisu cha mkate na kukikata kitabu sura kwa sura.

"Wee! Kitabu kizima unakichinja?" Bibi alishika kiuno.

"Siwezi kutembea na tofali, mama," akajibu mama yake Chiriku. "Sura nisiyoijua nitakwenda nayo kazini, niisome nikisubiri mizigo. Ninayoijua itaingia kwenye boksi chini ya kitanda, isinipotezee muda."

Mwamuzi wa sura ipi iingie kwenye boksi alikuwa Chiriku. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa na Bibi kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila kadi ilikuwa na swali mbele na jibu nyuma. Chiriku alisoma swali, mama akajibu akiwa amefumba macho, Chiriku akageuza kadi na kusema "sawa" au "si sawa". Mama alimwita mwalimu, na mwanzoni mwalimu alivimba kichwa kwelikweli.

Lakini kazi ya kila siku huchosha hata ikiwa ni ya kukaa. Siku moja Chiriku alitoka shuleni akiwa hoi. Walikuwa wamefagia uwanja mzima, na begi lake lilijaa hesabu za sehemu. Jioni hiyo zamu ilikuwa ya sura ngumu kuliko zote, inayoeleza jinsi ndege inavyozunguka ndani ya mawingu ikisubiri ruhusa ya kutua. Kuna njia kadhaa za kuingia kwenye mzunguko huo, kutegemea ndege inatokea upande gani, na rubani akigeukia upande usiofaa anaweza kukuta mlima.

Kadi ya kwanza mama alikosa. Ya pili akakosa. Akaomba aulizwe tena, akakosa tena. Majibu yalikuwa marefu, yameandikwa kwa herufi ndogo kama chawa. Kadi ya tatu mama alijibu kwa sauti ya kukata tamaa. Chiriku hakuigeuza.

"Sawa," akasema.

"Kweli?" Mama alifumbua macho, na uso wake ukachangamka.

"Sawa kabisa, mama."

Baada ya hapo ikawa rahisi. Kadi moja ikafuata nyingine, sawa, sawa, sawa. Sura ya mizunguko ikaingia kwenye boksi, na Chiriku akaenda kulala mapema. Kesho yake, macho yalipoanza kumwuma, akafanya vilevile kwenye sura nyingine. Mama alianza kuimba akiosha vyombo. Chiriku akajiambia kwamba kumfurahisha mzazi si kosa, tena ni baraka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno matamu.

Siku chache kabla ya mtihani mama alikwenda chuo cha urubani kufanya mazoezi kwenye mashine iliyotengenezwa kama chumba cha rubani. Aliporudi hakuvua viatu. Alipita navyo hadi sebuleni na kukaa mbele ya Bibi.

"Mkufunzi kanipa mzunguko," alisema. "Nikageuza bila wasiwasi wowote. Nimegeukia mlimani, mama. Ingekuwa ndege ya kweli, mngekuwa mnaniandalia mazishi."

"Si utaisoma tena hiyo sura?" Bibi akasema.

"Ningeisoma kama ningekuwa siijui! Naijua. Mtoto kaniuliza kadi zote nikazipata. Halafu nakaa kwenye kiti, kichwani hamna kitu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kichwa changu kimechakaa. Kesho nampigia mkufunzi aniondoe kwenye mtihani. Mtu asiyeweza kukiamini kichwa chake hana haki ya kurusha hata kifurushi."

Chiriku alikuwa amesimama penye mlango wa jikoni. Alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa tayari kugombezwa kwa uvivu, lakini hakuwahi kufikiria kwamba uongo wake ungemfanya mama ajidharau.

"Na wewe leo umemeza nini?" Bibi alimwuliza. "Mbona kimya?"

"Mama," Chiriku alisema. "Hukuzipata."

"Sikuzipata nini?"

"Zile kadi. Nilikuwa nasema sawa tu. Sikuzigeuza. Nilikuwa nimechoka."

Mama alimgeukia. "Za mizunguko tu?"

"Na nyingine."

"Zipi?"

Chiriku alianza kulia. "Sikumbuki."

Mama aliinuka, akalivuta boksi kutoka chini ya kitanda na kulimwaga lote sakafuni. Sura za wiki nzima zilitawanyika hadi miguuni mwa Bibi.

"Basi tunaanza zote upya," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kujiogopa, unalijua hilo? Usilie. Sina nguvu za kukubembeleza leo. Chukua kadi."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu, wala hapakuwa na wimbo jikoni. Chiriku aligeuza kila kadi. Alisema "si sawa" hadi neno likamchosha mdomo, na mara nyingine mama alimtazama kwa macho ya kuomba huruma, naye akarudia, "Si sawa, mama." Bibi alisema nyumba imegeuka mahakama. Sura zilizokuwa ngumu kweli zilijulikana, mama akazibeba kazini, na mizunguko akaichora hata kwenye unga wa chapati.

Alifanya sehemu ya maandishi ya mtihani, kisha ya kuruka na mkaguzi. Akafaulu zote mbili. Jioni aliyoleta habari hiyo alikaa palepale sakafuni, viatu mkononi, amechoka kiasi kwamba hata kucheka ilikuwa kazi. Chiriku akaenda kukaa karibu naye.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Kidogo," mama akasema, akamvuta begani. "Sikiliza, mwanangu. Ndani ya wingu huwezi kuamini macho, wala masikio, wala tumbo lako. Una vipimo tu. Kipimo kikifa kabisa, rubani anajua kimekufa, anatumia kingine. Kinachoua ni kile kinachokuonyesha uko salama wakati unaelekea mlimani. Mimi nilikuwa nakusoma wewe kama ninavyosoma kipimo. Ungeniambia umechoka, ningekuambia ukalale, maana kuchoka si kosa. Lakini ukinipa sawa ya uongo, hata unipe kwa mapenzi, unanipeleka mlimani."

Nje mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kudondoka juu ya bati.

"Kesho naruka asubuhi, wingu au si wingu," mama alisema, akifumba macho. "Haya, na wewe. Hesabu zako umemaliza?"

"Nd..." Chiriku akajizuia. "Bado, mama. Hata sijaanza. Nimechoka."

"Haya," mama akasema. "Tupumzike kidogo, kisha uzilete hapa tuzitazame."

Wakakaa hapo sakafuni, mgongo ukutani, hadi Bibi akawaletea chai.